Sabufa itasubiri, sindano kwanza

Wiki hii sina habari za testi wala za foleni ya kafeteria. Nina ubishi, na nimeona nikiuacha chumbani utaisha kwa watu kununiana, bora niulete hapa nyote muusome.

Ubishi wenyewe ni hivi. Mjomba wangu wa Morogoro amenikabidhi mashine yake ya santuri pamoja na sahani 64. Wengi wenu mmeshaziona, zimejaa chini ya kitanda hadi mshikaji ninayembeba hana pa kuweka begi lake. Bumu likitoka nimepanga kutenga laki mbili na nusu, nitakula ugali maharage mpaka mwezi uishe, ili sauti iwe nzuri. Nikauliza watu: nianze na nini? Katika wanne, watatu wamejibu bila hata kumeza mate: sabufa. Wa nne alisema niuze yote ninunue simu, huyo tumuache.

Mimi nasema hapana. Sabufa ni kitu cha mwisho kabisa, na kwa mfuko wa mwanafunzi pengine si kitu cha kununua kabisa. Hela ya kwanza inatakiwa iende kwenye sindano. Tena si suala la ladha ya sikio tu, maana kama ingekuwa ladha ningesema kila mtu na masikio yake.

Tuanze na jinsi kitu kinavyofanya kazi, na walimu wenzangu wa fizikia mnisahihishe. Kwenye sahani kuna mfereji mmoja tu, mrefu, umejiviringisha kutoka nje kwenda ndani. Kuta za mfereji huo zina mawimbi, na mawimbi hayo ndiyo muziki. Ncha ya sindano inapita humo, inatikisika, na ile katriji iliyoshikilia sindano inageuza mtikisiko kuwa umeme mdogo. Baada ya hapo kila kitu, ampilifaya, spika, sabufa, waya, kinachoweza kufanya ni kukuza kilichokwisha kusomwa. Kama sindano haikukisoma, hakipo. Unaweza kuweka spika kubwa kama kabati, utasikia kelele kubwa kama kabati.

Halafu kuna umbali. Nilipiga hesabu juzi badala ya kusoma saikolojia ya elimu. Upande mmoja wa LP ya dakika 20, inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, una mfereji wa kama mita 430. Yaani kila ukisikiliza upande mmoja, ncha ya almasi iliyo nyembamba kuliko unywele imekimbia uwanja wa riadha mzunguko mzima na zaidi. Sindano za kawaida hukadiriwa kuishi saa mia chache, tuseme 500. Saa 500 ni pande 1,500 za aina hiyo, na hizo ni kama kilomita 645. Ni Dar hadi Arusha kwa barabara! Sasa muulize mjomba mara ya mwisho alibadili sindano lini. Nilimuuliza. Akacheka, akasema, "Mwanangu, kwani hiyo inabadilishwa?"

Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Almasi ikilika haibaki duara, inatengeneza kingo kali kama patasi. Patasi hiyo inapita kwenye plastiki laini, na kila inapopita inakwangua yale mawimbi madogo madogo ya sauti nyembamba: matoazi, herufi "s", ule mlio wa kidole kinapoachia uzi wa gitaa. Yakishakwanguliwa hayarudi. Spika mbaya hainiharibii sahani. Waya mbaya hauniharibii sahani. Sindano iliyolika inaniharibia sahani huku mimi nikiwa nimekaa natingisha kichwa.

Na hizi si sahani za kwenda kununua nyingine dukani kesho. Nyingi za bendi zetu za miaka ya 60 na 70 zilitengenezwa viwandani Nairobi, kwenye vile visahani vidogo vya inchi 7 vya mzunguko wa 45, wimbo mmoja umegawanywa sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande ule. (Upande wa pili ndio magitaa yanapochemka, na ndiyo maana siku zote upande wa pili ndio umechakaa. Angalieni za wazee wenu, mtaniambia.) Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983. Waliotengeneza sahani hizo wameacha kazi zamani. Mbaraka Mwinshehe alifariki Mombasa mwaka 1979. Ukikwangua nakala uliyonayo, umeondoa moja katika zilizobaki, basi. Ndiyo, nyimbo kadhaa ziko YouTube, lakini zisikilizeni vizuri: kibao zimepigwa kutoka kwenye sahani zilizochoka kwa sindano zilizochoka. Nani anataka wajukuu waamini kwamba wazee walikuwa wanaimba ndani ya kikaango cha vitumbua?

Kwa hiyo tangu nizilete, zile za thamani sijazigusa. Tunajaribia kwa sahani moja ya kantri ya Marekani niliyoikuta kwenye mitumba. Yule mwenye ile sahani, popote alipo, atusamehe.

Sasa kabla ya hela yoyote kutoka, kuna mambo ya bure au ya karibu na bure, nayo yanaleta tofauti ambayo watu wengi wanaitafuta dukani.

La kwanza, mashine ikae sawasawa. Azima pima maji kwa fundi ujenzi yeyote, weka juu ya sinia linalozunguka, kisha chomeka vipande vya kadibodi chini ya miguu mpaka kiputo kikae katikati. Na mashine isikae meza moja na spika. Sauti ya spika inatikisa meza, meza inatikisa sindano, sindano inapeleka mtikisiko kwa spika, mnaishia na ngurumo isiyokwisha. Ukiongeza sabufa juu ya meza hiyo hiyo ndiyo umekaribisha treni chumbani. Mimi nimeweka yangu juu ya tofali la saruji lililolazwa kwenye taulo kuukuu.

La pili, mwendo. Kata kipande cha karatasi, kiweke ukingoni mwa sahani, chukua simu uhesabu. Katika dakika tatu lazima kipite mara 100 kamili kwa LP. Ikipita 97 au 104 mkanda umelegea, au mota inahitaji kurekebishwa. Mkanda ni ule mpira mwembamba unaozungusha sinia, ukiwa umekaa miaka 30 unakuwa kama tambi, na si ghali.

Hapa nisimame kidogo kwa wale mnaotaka kununua mashine za mtumba, maana kuna mtego ambao sijaona mtu akiutaja. Umeme wetu ni volti 230 na herzi 50. Mashine iliyotoka Marekani ni ya volti 120 na herzi 60. Muuzaji atakwambia "weka transfoma tu, mdogo wangu". Transfoma inashusha volti, haigusi herzi. Mashine nyingi za zamani za mkanda zina mota inayofuata herzi za umeme, kwa hiyo hapa kwetu itazunguka tano ya sita ya mwendo wake. Badala ya 33 na theluthi unapata karibu 28. Mwimbaji anasikika kama kaamshwa saa kumi usiku. Dawa ipo, ni kubadili puli ndogo ya mota, lakini uipate wapi? Za Japani zina afadhali, kwa sababu Japani yenyewe nusu ya nchi hutumia herzi 50 na nusu 60, hivyo mara nyingi watengenezaji waliweka njia ya kuchagua, ila volti zake ni 100. Mashine zinazoendeshwa moja kwa moja na mota yenye kidhibiti cha kwatzi, kama Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979 wanayoipenda madijei, haziyumbishwi na herzi, ila volti bado uangalie. Soma bati la nyuma kabla hujatoa hela.

La tatu, uzito. Kila katriji ina uzito wake wa sindano unaotakiwa, mara nyingi kati ya gramu moja na nusu na tatu na nusu, kwa kutegemea aina. Watu wanaogopa uzito, wanaweka mdogo wakidhani wanaihurumia sahani. Kumbe sindano nyepesi mno inarukaruka ndani ya mfereji na kuuchubua vibaya kuliko iliyo sawa. Mkono unausawazisha kwa kuzungusha kile kiuzito cha nyuma mpaka uelee wenyewe hewani, halafu unaongeza hadi kipimo. Kuhakikisha, tumia kimizani kidogo cha sonara. Nilikwenda na mkono wa mashine kichwani tu, nikamweleza sonara mmoja ninachotaka, akanitazama kama nimechanganyikiwa, halafu akaniazima kimizani jioni nzima kwa sharti nimwachie kitambulisho.

La nne, usafi. Sahani za mjomba zina vumbi la tangu Mwinyi. Maji ya bomba yanaacha chumvi mferejini, kwa hiyo tumia maji yaliyotoneshwa, yale wanayouza kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongeza kwenye betri za gari. Soma chupa vizuri! Kuna maji na kuna asidi, na zinakaa rafu moja. Tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, unafuta kwa kuzunguka kufuata mfereji, unasuuza kwa maji hayo hayo, unaacha ikauke kivulini. Jua la Dar litaikunja kama chapati.

Na jamani, zile nzito za mzunguko wa 78 msizipitishie spiriti. Za plastiki zinaweza kuvumilia spiriti kidogo iliyochanganywa na maji, lakini za 78 za zamani zimegandishwa kwa gundi inayotokana na utomvu wa wadudu, na spiriti inaiyeyusha. Ninazo tatu za taarabu za aina hiyo. Kizazi hicho ndicho cha akina Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi. Mfereji wake ni mpana kuliko ule wa LP, kwa hiyo sindano ya LP inazama hadi chini na kusoma uchafu. Hizo zinataka sindano yake maalumu.

Haya, sasa tuingie dukani. Angalia kwanza jina la katriji uliyonayo, maana mara nyingi sindano inachomoka na unanunua sindano peke yake. Yangu haisomeki jina, mjomba anakumbuka tu kwamba "ilikuwa nzuri", kwa hiyo nabadilisha katriji nzima. Nimechagua Audio-Technica AT-VM95E, ambayo nje huuzwa kama dola 70. Sababu si kwamba ndiyo bora duniani. Sababu ni kwamba mwili wa katriji hiyo unapokea sindano za aina mbalimbali za familia yake: naanza na hii ya ncha ya yai, nikipata ajira nachomoa naweka ya ncha nyembamba zaidi, na ipo hadi ya santuri za 78. Kwa mtu wa bumu hiyo ndiyo akili, unanunua mwili mara moja. Uzito wake ni gramu 2. Kaka wa mshikaji mmoja wa Hall 5 anarudi kutoka Dubai, kakubali kunibebea.

Nikitoa hiyo nabaki na kama elfu 70, na hapa ndipo ninapowajibu watu wa sabufa.

Wanasema wanasikia sauti nyembamba, haina besi, kwa hiyo tuongeze besi. Wanachosikia ni kweli. Dawa ndiyo siyo. Sahani inapochongwa, besi hupunguzwa makusudi ili mfereji usiyumbe sana ukala nafasi, na sauti nyembamba huongezwa ili zishinde mkwaruzo. Kanuni ya kiasi gani kipunguzwe na kiongezwe ilikubaliwa Marekani mwaka 1954, ikaja kuenea duniani. Wakati wa kusikiliza lazima pawe na kifaa cha kurudisha mambo yalivyokuwa: priampu ya santuri. Ampilifaya za zamani zilikuwa nayo ndani, ukiona tundu limeandikwa PHONO nyuma, ndiyo hilo. Redio za siku hizi hazina. Ukichomeka mashine moja kwa moja kwenye AUX, kama tunavyofanya chumbani sasa hivi, unapata sauti ndogo, kavu, ya mbu. Halafu kila mtu analilia sabufa! Besi ipo kwenye sahani, imekunjwa tu, inasubiri kukunjuliwa. Priampu ndogo ya kawaida haifiki elfu 60, na ukibahatika kwa mafundi redio wa Kariakoo utapata ampilifaya kuukuu yenye tundu la PHONO ambayo mwenyewe anaiona mzigo. Mkikutana na mlio wa "mmmmm" usioisha, fungeni ule waya mwembamba wa ethi unaotoka kwenye mashine kwenye skrubu ya ampilifaya. Nusu ya watu huukata wakidhani ni wa ziada.

Kuna kundi la pili linaloniambia niachane na makorokoro haya ninunue zile gramafoni mpya za kwenye begi, zina spika ndani na rangi nzuri. Kwa picha ni bomba, nakubali. Lakini nyingi zinatumia katriji ya bei ya chini kabisa yenye uzito wa gramu tano hivi, mkono hauna cha kurekebisha, na spika zimefungwa kwenye kisanduku kile kile chenye sindano. Mashine kuukuu ya mjomba ikitengenezwa inaipita, tena kwa hela pungufu. Za waya wa dhahabu sitaki hata kujadili.

Na kundi la tatu, lenye hoja ya maana kuliko yote: si uzihamishie kwenye kompyuta halafu ziishe hizo sahani? Nitazihamisha. Programu ya Audacity ni ya bure, na laptopu ninayo. Lakini kunakili kwa sindano mbovu ni kuuhifadhi ubovu milele, na zoezi lenyewe linakuwa limekwangua sahani kwa mara nyingine. Kama ni mara moja tu nitaipitisha sindano kwenye sahani ya mwaka 1972, basi ipite sindano nzima, kwenye sahani safi, kwa mwendo sahihi. Halafu nataka kuzipeleka TP. Vitabu vya historia vya sekondari vina aya ndefu kuhusu Azimio la Arusha, na sanduku la mjomba lina watu walioliimba wakiwa vijana kama sisi. Mwanafunzi akisikia hilo bila mkwaruzo kipindi chake ni kingine.

Kwa hiyo ratiba ni hii. Jumamosi mkanda mpya na usafi wa sahani, nahitaji watu wawili wa kukausha, malipo ni chai na vitumbua. Katriji ikifika naifunga Jumapili inayofuata, kimizani cha sonara nimeshakiombea tena. Mwenye ampilifaya ya babu yake inayokaa stoo na ina tundu la PHONO aniambie kabla sijakwenda Kariakoo. Na wewe uliyesema niuze yote ninunue simu, ile kadibodi ya boksi la simu yako mpya bado unayo? Mguu mmoja wa meza umezidi kuwa mfupi.